Gari la Watoto wa Shimba

Mwanza,
17 Agosti 1997

Dada Paskazia,

Shikamoo. Huku Mwanza tunaendelea vizuri, ila vumbi la Agosti limetukausha makoo na maji ya bomba yanakuja siku yanapojisikia. Rose anakusalimia sana wifi yake. Nilitaka uipate habari hii kwangu kabla hujaisikia kwa watu wa melini: ana mimba ya miezi minne. Precious amefurahi mno. Victor amesema yeye hataki mtoto, anataka baiskeli. Msalimie shemeji Nestory, na watoto, na mama mkwe wako, mwambie yale machungwa aliyotupatia tuliyala yote siku moja.

Dada, tangu tuagane msibani kwa kaka yetu Shimba sijakaa chini nikaandika kitu. Msimu huu wa pamba ni mbio tupu. Zamani ushirika ulikuwa peke yake na mkulima alingoja mpaka akachoka. Siku hizi kila kijiji kina mizani za kampuni tatu nne, na anayechelewa kufika anakuta ghala zimefagiliwa. Mimi nachelewa kwa sababu nategemea malori ya watu. Kampuni imekubali kunisaidia ninunue gari langu, na ndiyo maana naandika, maana wewe umepanda magari ya hospitali ujana wako wote na unazijua njia zetu.

Lazima liwe gari ambalo tairi zote nne zinavuta, hilo halina mjadala. Ukitoka Magu kwenda nyumbani, udongo wa mbuga ukilowa hata ng'ombe wanakwama. Nimeona magari matatu. Kuna Land Rover ndefu ya mapadri, kuukuu, bati limebonyea, inavuja mafuta, lakini kila fundi huku anaijua na spea zake zinapatikana mpaka sokoni. Kuna Suzuki ndogo, nyepesi, haili mafuta. Na kuna Pajero fupi, ya milango miwili, imeletwa kutoka Japani juzi juzi, nyekundu, injini ya dizeli ambayo ukiiwasha unasikia kama mtu anapiga cherehani chumba cha pili. Ina kiyoyozi. Fundi wangu ameichungulia chini akasema chesisi yake haijawahi kuona matope.

Nipe mawazo yako. Nataka gari ambalo halitaniangusha mimi na familia yangu.

Kuhusu watoto wa marehemu, ambao sasa hawana baba wala mama, sijasahau nililosema mbele ya ukoo siku ya kumaliza msiba, kwamba nitawachukua. Nitakuandikia vizuri nikitulia.

Mdogo wako,
Elias


Nansio,
2 Septemba 1997

Mdogo wangu Elias,

Marahaba. Barua yako nimeipata mkononi mwa mwalimu mmoja aliyevuka na meli ya jana. Nimemshukuru Mungu kwa hali ya Rose. Mwambie asibebe ndoo, na asikubali kila mtu ampe dawa. Hapa tupo. Mguu wa shemeji yako umevimba tena, hawezi kwenda shamba, anashinda kibarazani akinifundisha kupika. Wodi imejaa watoto wa malaria. Mama mkwe anasema machungwa yapo mengine, mje wenyewe.

Umeniuliza juu ya gari. Mimi si fundi, lakini gari la hospitali yetu lilikuwa Land Rover kama hiyo ya mapadri. Tumebeba humo wazazi wenye uchungu, magodoro, maiti, na siku moja mbuzi wa mganga mkuu. Lilikuwa linatupigapiga mgongo mpaka tunalia, lakini sikumbuki siku lilipotuacha njiani. Lina mabenchi mawili marefu nyuma. Nunua hilo.

Umeniandikia ukurasa mzima wa injini, Elias. Wa viti hukuandika hata mstari mmoja. Wewe, Rose, Victor, Precious, na huyo anayekuja. Watoto wa Shimba, Ng'washi, Luhaga na Deta. Na Mama siku akitaka kuja mjini kutibiwa macho. Hao wote wanakaa wapi kwenye gari la milango miwili?

Mama ni mzee. Kuteka maji, kuni, kupika kwa watoto watatu, anafanya yote na hasemi. Ng'washi ana miaka kumi na tatu na ameanza kukosa shule ili amsaidie. Deta kifua chake kimepungua kidogo. Unajua tulipotoka msibani nilimpitisha hospitali hapo Mwanza wakamtoa damu, ndipo nikamrudisha kwa bibi yake.

Niandikie unakwenda lini.

Dada yako,
Paskazia


Mwanza,
12 Oktoba 1997

Dada,

Shikamoo. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Rose amekuwa mzito, miguu inajaa maji jioni. Victor amepata baiskeli, ameshaanguka nayo mara mbili kwenye mawe ya hapa Kirumba, kidevu kimeshonwa.

Usinikasirikie. Nimechukua Pajero. Nilirudi kwa mapadri mara mbili, nikaikalia ile Land Rover, nikaizungushia uwanja wa kanisa. Usukani una mchezo mkubwa, na kazi yangu ni kufika kwa watu wakiniona mtu. Mkulima akiona gari chakavu anadhani na kampuni yako ni chakavu. Nimeijaribu Pajero kwenye milima ya Bugando, kisha kwenye mchanga wa ufukweni, nikaweka gia ya nguvu, ikatembea kama inapita sebuleni. Rose amekaa mbele akasema anajisikia kama mke wa waziri. Siti ya nyuma inaenea watoto watatu wakibanana.

Watoto nitawafuata Krismasi, shule zikifungwa. Nimefikiri nianze na Ng'washi na Luhaga. Deta bado mdogo, anahitaji kulelewa na bibi yake, na Rose anasema nyumba ni ndogo, angependa ajifungue kwanza. Unajua wanawake wakiwa katika hali hiyo. Nyumba ikiwa na mtoto mchanga inabidi mtu awe mwangalifu na mambo mengi.

Nakutumia kitenge na sabuni za watoto.

Elias


Nansio,
5 Novemba 1997

Elias,

Marahaba. Kitenge nimekipata. Sabuni nimempa mtu anayekwenda nyumbani ampelekee Mama.

Mvua imeanza hapa na haikatiki. Ziwa limechafuka, meli ilikaa siku mbili bila kuvuka. Wazee wanasema hawajaona mvua kama hii tangu miaka ya uhuru, na redio imeipa jina la kigeni.

Shimba aliacha watoto watatu. Ukienda, lete watatu.

Na nina swali moja, nalo nataka unijibu kwa kalamu yako mwenyewe. Deta ana nini mpaka yeye abaki?

Paskazia


Mwanza,
30 Desemba 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Krismasi ijapokuwa imepita. Tulikula sato na wali, tukaenda misa, tukanyeshewa kwenda na kurudi. Rose anasubiri siku yoyote sasa. Shemeji natumaini ameanza kutembea. Hapa mawe yameporomoka nyuma ya nyumba za jirani, lakini sisi hatukuguswa.

Nasikitika kukuambia kwamba safari ya nyumbani imeshindikana. Nilikusikiliza, nilimtumia Mama ujumbe kwa lori la pamba kwamba nawafuata wote watatu, Jumanne kabla ya sikukuu, wajiandae. Nilitoka hapa asubuhi mapema. Mpaka Magu hakuna shida. Baada ya hapo, dada, ni bahari. Nilifika korongoni, pale kabla ya njia panda ya kwetu, maji yamejaa ukingo kwa ukingo, yana nguvu, yanabeba magogo. Pajero hii ina vifaa vya umeme kwenye injini, maji yakiingia ndiyo basi, na hakuna fundi wa kuitengeneza hata huko Dar es Salaam. Ingekuwa ujinga. Niligeuza.

Nimetuma sukari, mchele na nguo za watoto kwa lori. Mvua ikipungua nitarudi.

Mwaka mpya uwe wa amani.

Elias


Nansio,
15 Februari 1998

Elias,

Nimesikia kwa watu wa melini kwamba Rose amejifungua salama mtoto wa kike. Hongera. Mpe pole na hongera wifi yangu, mwambie nitakuja kumwona. Nimesikitika kwamba nimeisikia melini.

Nimerudi juzi kutoka nyumbani. Mama hakutaka nikuandikie. Alisema, "Ng'wanone, mwanangu, mwache, ana mtoto mchanga, usimtie wasiwasi." Nilimkubalia tukiwa pale. Lakini nimefika hapa nimeshindwa kulala na jambo hili.

Deta aliugua malaria, ikapanda kichwani. Amepona, lakini hasikii. Nimempigia sufuria nyuma ya kichwa, nimemwita, nimemlilia, hageuki. Daktari wa Magu anasema yaweza kuwa homa yenyewe, yaweza kuwa dawa, na kwamba tusitegemee sana kusikia kwake kurudi. Ana miaka minne. Alikuwa anaimba, unakumbuka? Siku ya msiba alikuwa anaimba nyuma ya jiko, hajui kilichotokea.

Sasa nikuandikie aliyoniambia Ng'washi. Tulikuwa tunachambua mchicha, nikamwuliza iliendaje. Akasema, "Shangazi, siku ile Deta alikuwa ameshaanza homa. Bibi akasema si kitu, gari la baba mdogo litamfikisha hospitali ya Mwanza leo leo. Tukaenda korongoni tukangoja, maana Bibi alisema gari lisisumbuke kuja mpaka nyumbani."

Nikamwuliza, "Mliliona gari?"

"Tuliliona. Jekundu. Baba mdogo alishuka, akasimama, akatuangalia. Luhaga akampungia nguo. Mimi nilikuwa na Deta mgongoni. Akapanda gari akarudi nyuma."

"Labda hakuwaona, mvua ilikuwa kubwa."

"Mvua haikuwepo, shangazi. Jua lilikuwa linawaka. Na lori la pamba lilikuwa limetoka kuvuka, maji yaliishia kwenye tairi."

Walikaa pale mpaka jioni, Elias. Mama aliwaambia umekwenda kutafuta kamba.

Siku ya tatu mtoto akaanza degedege. Wakampakia kwenye tela la ng'ombe kwenda Magu, mvua juu, tope chini, Ng'washi akimshikilia asigonge kichwa kwenye mbao.

Niliwahi kukuuliza swali, hukunijibu. Siulizi tena juu ya injini wala juu ya Rose. Niambie kwa nini uligeuza gari.

Paskazia


Mwanza,
29 Machi 1998

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Mtoto anaitwa jina la Mama, hajambo, ananyonya. Rose hajambo. Amenikuta nimekaa na kalamu akaniambia, mwandikie dada yako au nitamwandikia mimi. Kwa hiyo naandika.

Maji hayakuwa mengi. Yalikuwa ya magotini. Mtu mmoja aliyebeba kuku alivuka kwa miguu akaniambia, "Pita tu mzee, chini ni mchanga mgumu." Gari lingepita. Lingepita bila hata gia ya nguvu.

Niliwaona. Nilimwona Mama ameshika mwavuli uliovunjika, nikaona mafurushi, nikamwona Ng'washi na Deta mgongoni, kichwa kimelala upande. Nilipoona kichwa kile kimelala nikasema moyoni, ndiyo, nilijua. Nilidhani anao ugonjwa wa baba yake na mama yake. Tangu msibani nilidhani hivyo. Vile vidonda vya midomoni, kile kikohozi. Nilimfikiria akilala na Precious, akinywa kikombe kimoja na mtoto mchanga. Sisemi nilikuwa na akili. Nimesoma, nimeona mabango, najua ugonjwa ule hauambukizi kwa kikombe. Lakini nilikuwa nalala nikiwaza kikombe.

Nilinunua gari dogo kwa sababu hiyo, dada. Umeuliza viti mara ya kwanza na mimi nikajua umeniona. Nilipoikalia ile Land Rover ya mapadri nikatazama nyuma, yale mabenchi mawili marefu, nikasema gari hili halitaniachia udhuru wowote. Ndiyo maana usukani ukawa na mchezo.

Na Rose hajawahi kusema nyumba ni ndogo. Alikuwa ameshanunua magodoro mawili. Nilimwambia wewe ndiye umesema Deta abaki kwa bibi, na wewe nikakuandikia kwamba ni yeye. Nilipomsomea barua yako ya Februari hakulia wala hakugomba. Alikwenda akayatoa magodoro nje akaanza kuyaanika.

Kilichobaki ni kibaya zaidi. Pale korongoni, nilipoyaona maji kwa mbali, kabla sijajua kina chake, nilishukuru. Nilisema asante Mungu. Nimekuwa nikienda misa tangu hapo na sijui namwambia nini.

Hukuwahi kuniandikia majibu ya ile damu. Sasa hayana maana, nitawachukua wote kwa vyovyote. Lakini niambie niishi nikijua.

Elias


Nansio,
18 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekuwa nikiweka barua yako kwenye mfuko wa sare yangu, naisoma zamu ikitulia. Shemeji yako aliniuliza ni nini, nikamwambia ni habari za pamba. Uongo umetuzoea katika ukoo huu.

Deta hana kitu. Hakuwahi kuwa nacho. Nilipata majibu Agosti, wiki moja kabla ya barua yako ya kwanza ya magari. Kikohozi kilikuwa kifua tu cha moshi wa jiko la Mama, na midomo ni kukosa matunda.

Nilijua, Elias. Nilipokuandikia kwamba wametoa damu nilikuwa nayajua majibu, nikayaacha makusudi. Nilitaka uulize. Hapana, niseme kweli: nilitaka uwachukue bila kuuliza. Nilijisemea, kama ni ndugu yangu kweli atawachukua hata kama wangekuwa wagonjwa wote watatu, na kama atauliza kwanza nitamjua ni mtu wa namna gani. Mwezi wa tisa nikangoja, mwezi wa kumi nikangoja. Ulipoandika kwamba mtu awe mwangalifu nyumbani kwenye mtoto mchanga, nilielewa vizuri kabisa unaogopa nini. Kazi yangu kila siku ni kuwaondolea watu hofu hiyo. Mstari mmoja tu ungetosha. Nikakuandikia swali la mtego badala yake, nikajiona nimekushinda.

Nilikuwa nakupima, na aliyelipa ni mtoto.

Na kuna hili. Mimi nami nina nyumba. Ina vyumba viwili, ina mama mkwe na watoto watano, lakini ina paa. Ningeweza kumweka Deta kwenye mkeka wangu Agosti ile ile nilipokuwa nimemshika mkononi hapo Mwanza bandarini. Nilimrudisha kwa Mama kwa sababu wewe uliahidi mbele ya watu, nami nilitaka ahadi yako isimame. Nilipanda meli mikono mitupu nikijiona mwenye haki.

Sijui ni nani kati yetu anapaswa kumwomba msamaha mwenzake, na sidhani hilo ndilo la haraka. Nenda kawachukue.

Paskazia


Mwanza,
5 Julai 1998

Dada Paskazia,

Shikamoo. Sijaijibu barua yako ya Aprili kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na sikutaka barua ya hasira ivuke ziwa. Karibu mwezi mzima nilikuwa naongea na wewe peke yangu barabarani kama kichaa, nakuambia mstari mmoja, dada, mstari mmoja. Kisha nikawa najijibu kwamba mstari ule usingenifaa mtu niliyeweza kusimama pale na kugeuza. Ningetafuta udhuru mwingine. Hasira ikaisha yenyewe, sijui lini.

Land Rover ya mapadri ilikuwa imeshauzwa. Nimebadilishana Pajero na Mhindi mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga, akanipa Land Cruiser ndefu iliyokuwa ya ushirika, ambao sasa unauza kila kitu mpaka viti vya ofisi. Ina mabenchi mawili nyuma, yametazamana. Rangi imechubuka, nembo ya ushirika bado inaonekana mlangoni, na wakulima wananicheka kwamba kampuni imefilisika. Nimeitazama chini mwenyewe. Springi nzima, gia zinaingia, injini inaunguruma kama tembo mwenye mafua. Tulikwenda wote, Rose na mtoto mchanga mbele, Victor na Precious nyuma.

Njia imekauka. Mama alitupokea kama hakuna lililotokea, akatupikia michembe, viazi vyetu vya kukaushwa, na maziwa, akamshika wa jina lake akamzungusha kwa majirani wote. Nilimwambia, "Mama, siku ile niliwaona." Akasema, "Najua. Macho yangu ni mabaya lakini si mabaya hivyo." Halafu akaniuliza kama nimeshiba. Yeye hataki kuja mjini, anasema atakuja Septemba kwa ajili ya macho, si kukaa.

Luhaga alipanda gari kabla halijasimama. Ng'washi alifunga mizigo, akafagia nyumba ya bibi yake, akajaza mitungi, ndipo akaja. Hakunisalimu mpaka Mama alipomtazama. "Shikamoo baba mdogo." Akapanda nyuma kabisa, karibu na mlango, Deta mapajani.

Tulipokaribia korongo akagonga bati. Nikasimama. Sasa hivi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea pale. Akasema, "Tutashuka."

Nikamwambia, "Pamekauka, mwanangu. Hakuna maji."

"Naona. Tutavuka kwa miguu."

Rose akanishika mkono nisiseme kitu. Ng'washi akampandisha mdogo wake mgongoni, akamfunga khanga, akavuka polepole akitazama mbele. Luhaga akaruka akawafuata, na Victor naye, kisha Precious, hawajui kwa nini. Nikavuka na gari nyuma yao, benchi zote mbili tupu. Ng'ambo akafungua mlango mwenyewe, akaingiza wadogo mmoja mmoja, akapanda. Tulipofika Magu Precious akaomba kwenda haja.

Hayo ni ya wiki tatu zilizopita. Ng'washi ameanza shule, anasoma sana, ananijibu ninapomwuliza na haulizi kitu. Rose anasema nimpe muda, nami sijui kama muda ni wangu kumpa. Deta analala na Precious. Wanakunywa kikombe kimoja. Tumempeleka kwa masista wenye darasa la watoto wasiosikia, wamesema aanze Januari. Wametufundisha alama chache, Precious anazijua zote, mimi najua ya maji, ya chakula na ya njoo.

Deta hanikumbuki mimi wa korongoni. Ananipenda tu, dada, na hilo ndilo gumu kulibeba. Nikirudi jioni anakuja mbio anakumbatia goti langu.

Lakini anapenda pia kivuli cha gari. Uwanja wetu hauna mti, kwa hiyo asubuhi anakwenda kukaa nyuma ya tairi na vijiti vyake. Mtoto mwingine ukiwasha injini anakimbia. Yeye hasikii. Siku ya kwanza ni Rose aliyepiga kelele nami nimeshatia gia ya kurudi nyuma. Nilishuka nikamkuta amekaa, mgongo ameegemeza kwenye tairi, anajenga nyumba ya vijiti. Akainua uso akacheka kuniona.

Tangu hapo siwashi gari kabla sijalizunguka. Nashuka, napita ubavu wa kushoto, napiga magoti nyuma, nachungulia chini, napita ubavu wa kulia. Hata nikiwa Misungwi kwenye ghala za pamba, ambako najua kabisa Deta yuko mbali, nalizunguka. Wanunuzi wenzangu wanadhani natafuta pancha. Asubuhi nikimkuta namnyoosha, namfuta vumbi, nampeleka kwa Rose mlangoni, kisha narudi nachungulia tena, maana huwa anarudi.

Mdogo wako,
Elias